Kiungo cha Katubuka

Vijana wa ufundi mliniomba, siku ile ya soda na keki za kuniaga, nikae chini niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekaa. Nina miezi mitatu nyumbani, kuku wameshanizoea, na mkono ulioshika koleo kwa miaka mingi unashika kalamu vibaya, kama mnavyoona. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Hayo yamo kwenye faili, na sijawahi kumwona mtu akilisoma faili kwa hamu.

Niliingia kampuni nikiwa mjane wa watoto wawili, na cheti cha ufundi umeme ambacho karatasi yake ilikuwa bado ngumu. Wakati huo tulikuwa tunauza televisheni tu. Tulikuwa na madishi mawili makubwa kilimani, chumba kimoja chenye feni, na kebo nyeusi zilizoning'inia kwenye nguzo kutoka mtaa wa Mwanga hadi Katubuka, hapa hapa Kigoma. Mafundi wanne walinitazama kama mgeni aliyekosea mlango wa mapokezi. Wa tano, Mzee Selemani, mtu wa Ujiji, mfupi, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, hakuniuliza kitu. Aliniwekea mezani bunda la kebo, kisu, koleo la kubania na boksi la koneta, vile vichwa vya kuungia kebo, akaniambia nifunge koneta hamsini.

Nilimaliza saa nane mchana, vidole vimechubuka. Akazichukua moja moja, akazivuta kwa mkono. Thelathini na nane zilichomoka.

"Hizi ni za fundi anayehama kesho," alisema. "Sisi tunabaki hapa hapa."

Nikafunga tena. Kwa wiki mbili sikupanda ngazi. Alinifundisha kupima waya wa kati kwa ukucha wa kidole kidogo, kukunja wavu wa nje kwa nyuma bila kuacha hata unywele mmoja ukigusa ndani, na kuacha kebo ining'inie kidogo chini ya kiungo ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia. Mvua ya Kigoma huja na radi, na radi ya huku haina adabu. Nimewahi kukuta kikuza mawimbi kizima kimegeuka mkaa juu ya nguzo, na mjusi pembeni yake. Mzee alikuwa na tabia ya kunitajia kosa mara moja tu. La pili alilitazama kimya, na kimya chake kilinifundisha zaidi ya kitabu.

Kitabu nacho kilikuja, mwaka tulipoletewa intaneti. Mhandisi kutoka Dar es Salaam alikaa nasi siku kumi, akafunga ruta kuu yenye ukubwa wa friji ndogo, akatuachia kitabu kinene cha Kiingereza na namba ya simu ambayo baadaye haikupokelewa. Wenzangu walikiheshimu kitabu kwa mbali. Mimi nilikipeleka nyumbani, nikawa nakisoma watoto wakifanya kazi zao za shule, sote tukiwa na kamusi moja.

Wengi wenu mmekuja wakati wa nyuzi za mwanga, yaani faiba, kwa hiyo niwaeleze. Kwenye kebo, data zilikwenda njia mbili. Ya kushuka, kutoka kituoni kwenda nyumbani kwa mteja, ilikuwa pana na yenye nguvu, na mara chache ilitusumbua. Ya kupanda, kutoka kwa mteja kuja kwetu, ilikuwa nyembamba, na ndiyo iliyotuzeesha. Ruta yetu ilikuwa na milango minne ya kupandia, kila mmoja umebeba mtaa wake. Nyumba zote za mtaa zilipitisha sauti zao kwenye mlango mmoja. Nyumba moja ikiingiza kelele za umeme kwenye kebo, kelele ile ilipanda pamoja na data za majirani wote, na mlango mzima ukawa kiziwi. Mteja aliona picha na barua zinamfikia vizuri, lakini yeye akisema, hasikiki.

Wiki yangu ya tatu na ruta ile niliona modemu za Mwanga zinajitahidi kuliko inavyopasa, nikaamua kurekebisha kiwango cha nguvu ambacho mlango wa pili ulikitarajia. Nilikusudia kuandika sifuri. Niliandika kumi. Modemu zote za Mwanga zikapandisha nguvu mpaka mwisho wa uwezo wake, zikashindwa, zikazima, zikaanza upya, zikashindwa tena. Ilikuwa saa sita mchana, siku ya kazi. Simu ya mezani ililia mpaka mpokezi akaitoa kwenye kishikio chake. Mzee Selemani, ambaye hakusoma kitabu kile hata ukurasa mmoja, alisimama nyuma yangu akaniuliza kwa upole nilichogusa mwisho ni nini. Nilimwambia. Akasema basi nikirudishe kilivyokuwa, halafu nifikirie. Kanuni hiyo haimo kwenye kitabu, na imeniokoa mara nyingi kuliko yale yaliyomo.

Baadaye Warundi wakaanza kuingia tena, wakikimbia machafuko ya kwao. Kwa watu wa Kigoma hilo halikuwa jambo geni. Mama yangu aliwahi kuwapokea waliokuja mimi nikiwa mtoto mgongoni, na wengine nilisoma nao, nikaimba nao kwaya. Lakini safari hii walikuja wengi kwa mara moja. Walijaa ufukweni kule Kagunga, kijiji cha mpakani, wakaletwa kwa meli mpaka bandarini kwetu, wakapumzishwa uwanja wa mpira, kisha wakapandishwa mabasi kwenda kambini. Asubuhi nikipita na ngazi yangu niliona kina mama wamekaa chini, vitenge vimelowa mpaka magotini, kila mmoja akihesabu watoto wake kwa macho, akimaliza anaanza tena.

Shirika moja lilikodi nyumba Katubuka, likafungua ofisi ya kuwatafuta waliopotezana. Tuliwaunganisha kwenye kebo siku hiyo hiyo. Aliyeshika kazi pale alikuwa Anselimi, kijana ambaye wazazi wake walikuja wakati wa vita vya zamani na kubaki. Kazi yake ilikuwa kupiga picha watoto waliofika bila mtu, na watu wazima waliokuwa wakitafuta wenzao, kuandika majina, na kuvituma kambini, ambako karatasi zilichapwa na kubandikwa ubaoni watu wasome.

Siku ya nne akanipigia. Alisema, dada Domitila, mimi napata kila kitu, lakini situmi kitu. Picha zinafika nusu, zinakatika. Nilimjibu jibu letu la kawaida: zima modemu, hesabu mpaka thelathini, washa. Akaniambia ameshafanya hivyo mara sita na bado ana watoto arobaini wamekaa kwenye kompyuta.

Nilikwenda kwenye ruta. Katubuka ilikuwa kwenye mlango wa tatu. Kipimo cha usafi wa mawimbi, ambacho tulitaka kiwe juu ya thelathini, kilikuwa kumi na mbili. Nilifanya yale yanayofanyika ukiwa umekaa kitini: nikabadilisha mtindo wa kufungasha data uwe ule mwepesi unaostahimili kelele, nikapunguza upana wa njia kwa nusu, nikahamisha masafa juu kidogo, mbali na pale kelele ilipokuwa nene. Mlango ukapumua. Picha tatu zikapita, nne, kisha kesho yake saa nne asubuhi ukaziba tena. Nilikuwa nampa mgonjwa panadol.

Meneja wetu, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alituita. Alikuwa mtu wa utaratibu, wala sikumchukia. Alisema hitilafu nyingi za Katubuka zinatokana na watu wanaojiunganishia kebo kwa wizi, na kwamba kuanzia siku ile fundi akikuta kiungo cha wizi akate, aandike jina la mwenye nyumba, na jina liende polisi. Alirudia neno polisi mara mbili.

Siku mbili tulizunguka. Kelele ilianza karibu saa nne asubuhi, ikaisha jioni watu wanapoanza kupika. Jumapili iliyopita, kwa kumbukumbu za ruta, haikuwepo kabisa, na Mzee Selemani akasema kelele inayokwenda kanisani ni ya binadamu. Siku ya pili, mchana, umeme ulikatika mji mzima. Vikuza mawimbi vyetu vilikuwa vinakula umeme wa jenereta ya kituo, na ofisi ya Anselimi ilikuwa na jenereta yake. Dakika tano hazijaisha akapiga simu: umeme umekwenda na picha zinapanda. Nilitazama skrini. Mlango wa tatu ulikuwa unasoma thelathini na moja. Kwa hiyo kilichotusumbua kilikuwa kitu kinachotumia umeme wa nyumbani, tena chenye kuzunguka, maana kelele yake ilikuwa ya kukwaruza, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Umeme uliporudi, Mzee alibaki kwenye skrini, mimi nikapanda nguzo. Kila kikuza mawimbi kina matawi, na kila tawi lina kidude kidogo unachoweza kuchomoa ili kuziba njia yake ya kupanda bila kumzimia mtu televisheni. Nilichomoa la kwanza, nikauliza kwa simu. Bado. Nikarudisha. La pili, bado. La tatu, Mzee akasema kelele imekufa. Nikafuata tawi hilo nguzo kwa nguzo, kwa mtindo huo huo, mpaka nikafika kwenye nyumba nne, kisha kwenye nyumba moja. Mzee akaja kwa bodaboda, akiwa amekumbatia mkoba wa vifaa kama mtoto.

Ilikuwa nyumba ya Mama Joselina, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiuza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, mteja wetu wa televisheni tangu mwanzo. Alitukaribisha vizuri mno. Tuliposema tunataka kuifuata kebo mpaka uani, akakumbuka kwamba ufunguo wa mlango wa uani umepotea. Huku akisema hivyo, sote watatu tulikuwa tunaisikia cherehani ikizunguka nyuma ya mlango huo.

Mzee alimwambia taratibu kwamba sisi ni mafundi wa kebo na hatuna kazi nyingine. Mama Joselina alinitazama mimi. Nikamsalimu tena, safari hii kwa Kiha, lugha ya kwetu, nikamwambia mimi ni mtu wa Kasulu. Sijui kama ni hicho kilichomfanya, au aliona tu kwamba hatuondoki. Alifungua.

Chumba cha uani kilikuwa na watu tisa. Wanawake wawili, mzee mmoja amelala, watoto, na mwanaume mwembamba wa miaka kama thelathini na tano kwenye cherehani yenye mota ya umeme, sare ya shule ya bluu ikiwa chini ya sindano. Mguu wake ulibaki hewani juu ya kanyagio. Hakuna aliyekimbia, maana hapakuwa na mlango mwingine. Pembeni palikuwa na televisheni ndogo iliyozimwa sauti, na kutoka kwayo kebo ilipita dirishani mpaka kwenye kebo yetu. Kiungo chenyewe kilikuwa nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kuvikwa karatasi ya pakiti ya sigara, hatua moja kutoka kwenye mota. Kelele yote ya cherehani ile ilikuwa inaingia kwenye kebo pale, na kupanda kwenye mlango wa tatu pamoja na watoto wa Anselimi.

"Nani kafunga hii?" aliuliza Mzee.

"Mimi," alisema mwanaume wa cherehani. "Mzee wetu huyu alitaka kuona habari za nyumbani."

Jina lake lilikuwa Jervasi. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tulielewana bila shida. Mama Joselina alikuwa shangazi wa mkewe. Yeye na mkewe walitenganishwa ufukweni kule Kagunga, alisema. Wanawake na watoto walipandishwa melini kwanza, na mkewe Konsolata akapanda na binti yao Alina wa miaka mitano na mtoto mchanga wa kiume. Yeye alivuka baadaye kwa mtumbwi mpaka Kibirizi. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakipotezana wakutane kwa shangazi, lakini Konsolata hakuwa amewahi kufika Kigoma. Alijua tu jina Katubuka. Jervasi alikuwa anasubiri, na huku anasubiri anashona sare za watoto wa jirani ili shangazi asilishe watu tisa peke yake. Hakuna kati yao aliyejiandikisha kama mkimbizi.

Nilimwambia kuhusu ofisi ya Anselimi, dakika kumi kwa miguu. Nilimweleza kwamba majina yanapanda kutoka pale na kwenda kubandikwa kambini, na kwamba huenda mkewe anasimama mbele ya ubao huo kila siku. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na huko yanakopanda," aliniuliza, "anayeyasoma ni nani?"

Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilimjibu kwamba najua majina yanapita wapi, kebo gani, mlango gani, ruta gani. Anayesoma simjui.

"Mdogo wangu jina lake lilisomwa kwenye karatasi," alisema. "Njiani, kwenye kizuizi. Walisoma, akaitika."

Akauondoa mguu kwenye kanyagio, akaukunja mkono wa sare kana kwamba ametukabidhi sisi mambo mengine yote.

Tulitoka uani kushauriana. Amri ya meneja ilikuwa wazi. Nikikata na kuandika jina la Mama Joselina, polisi wangefika, na chumba kile kingefunguliwa na watu wasiojua Kiha. Mzee Selemani alisema tukate tuondoke, tuandike tu kwamba kiungo kilikuwa kibovu. Mimi nilikataa. Nilisema tukikata, kesho watazisokota nyaya tena, maana yule mzee aliyelala hatakubali kukaa bila habari za kwao, na mlango wa tatu utachafuka upya, na safari hiyo atakayetumwa pengine si sisi. Nikasema nataka kukifunga kiungo kile vizuri, kwa koneta zetu, na kuwaachia televisheni yao. Mzee aliniangalia kwa kimya kile alichokitunza kwa ajili ya kosa la pili. Kisha akanipa mkoba.

Nilikifunga mwenyewe. Nilikata kebo upya, nikapima kwa ukucha, nikaweka kigawa njia chenye mfuniko, koneta nne, na kichujio cha kuzuia kelele isipande kutoka upande wa chumba kile. Jervasi alisimama karibu akinitazama mikono, fundi akimtazama fundi. Nilipomwambia awashe cherehani, aliwasha. Nikapiga simu kituoni, mwenzetu akasema mlango wa tatu unasoma thelathini na tatu na cherehani ikiendelea kuzunguka. Kwenye daftari la hitilafu niliandika: kiungo kibovu, kimebadilishwa. Sikuandika nyumba ya nani.

Jioni hiyo Anselimi alituma watoto wote arobaini, na wengine waliofuata.

Siku nne baadaye, asubuhi, Jervasi alikuja kituoni. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na viatu ambavyo nadhani vilikuwa vya mtu mwingine. Alisema anataka kuona majina yanapopita. Nilimwingiza chumba cha ruta, jambo ambalo lilikatazwa, nikamwonyesha mlango wa tatu, kebo inayoingia, na taa yake. Aliitazama taa muda mrefu. Sina hakika aliona nini. Mimi nilikuwa nikiona taa ya kijani.

Nilimsindikiza kwa Anselimi. Nilimwachia Anselimi lile swali nililoshindwa, na yeye hakulizunguka. Alisema karatasi zinabandikwa hadharani, anayepita atasoma, na yeye hawezi kumuahidi mtu kwamba wote wanaopita ni wema. Kisha akauliza mkewe huwa anamwitaje.

"Baba Alina," alisema Jervasi.

"Basi tuandike hilo. Jina la ukoo si lazima, picha si lazima. Nani mwingine angejua?"

Wakaandika: Baba Alina, fundi cherehani, anamtafuta Mama Alina. Waliongeza jina la mlima wao, kama Warundi wanavyotaja kijiji, ambalo sitaliandika hapa. Anselimi akabonyeza, tukasimama watatu tukitazama mstari ukijaa. Ulijaa kwa pumzi mbili. Kazi ambayo kwa siku kadhaa ilikuwa imeshindikana ilikwisha kabla sijajua niweke wapi mikono yangu.

Jibu lilirudi siku ya sita. Anselimi aliniita niwepo, nadhani kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Konsolata alikuwa kambini Nyarugusu. Alisoma karatasi, akakaa chini pale pale mbele ya ubao, akaambiwa asimame, akasema ngojeni. Alina alikuwa naye na alikuwa mzima. Mtoto mchanga alifariki ufukweni, kabla ya meli, kwa kuharisha.

Jervasi aliuliza amezikwa wapi. Anselimi akamwambia palipoandikwa. Akauliza kama ni upande wa Tanzania, akaambiwa ndiyo. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa kama anayepokea maelekezo ya njia, akatushukuru, akaondoka. Nilimkuta jioni kwa Mama Joselina, yuko kwenye cherehani. Sare tatu zilikuwa zimebaki pindo, na aliwaahidi wenyewe. Alizimaliza zote. Kesho yake alikwenda kujiandikisha, yeye na wale wengine, wakapanda basi. Aliniaga kwa mikono miwili. Sikumwona tena, na sikutegemea.

Hapo ningependa kuishia, lakini siwezi.

Mwezi mmoja baadaye, jirani wa Mama Joselina alikatiwa kebo kwa wizi wake mwenyewe, na kwa hasira akaitaja na nyumba ya mama huyo. Meneja alikwenda na askari. Chumba cha uani kilikuwa kitupu. Palibaki nyuzi za bluu sakafuni. Lakini kiungo changu kilikuwepo. Mwizi angeacha nyaya zimesokotwa. Hiki kilikuwa na koneta za kampuni, kigawa njia cha kampuni na kichujio ambacho Kigoma nzima hakikuuzwa dukani, vyote vimefungwa vizuri. Kwa hiyo fundi wake alijua, tena alisaidia.

Meneja alituita sote ofisini, akaviweka mezani. Akauliza ni mkono wa nani. Nilikuwa na mtoto mmoja kidato cha nne na mwingine cha kwanza. Nilifungua mdomo, na hilo naapa, nilifungua. Mzee Selemani alikuwa ameshasimama.

"Wangu," alisema.

Meneja alimuuliza alipewa nini. Mzee aliziangalia koneta zile mezani. Aliulizwa tena, akasema ameshajibu swali lililokuwa la haki. Nilimtazama, hakunitazama. Wenzangu walitazama sakafu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na haikuwa fupi. Meneja aliandika, akafuta, akaandika tena, na muda wote huo nilikuwa nimesimama pale na ulimi wangu. Sikusema. Mzee aliondoka siku ile na kofia yake, ukiwa umebaki mwaka mmoja na nusu astaafu.

Nilikwenda Ujiji Ijumaa iliyofuata. Nilimkuta anatengeneza redio ya mtu barazani. Nilianza kulia, akaniambia nimshikie bisibisi. Nikasema nitakwenda kwa meneja Jumatatu. Akasema nikienda watafukuzwa mafundi wawili badala ya mmoja, na ruta ile atabaki nayo nani, feni? Nikasema kosa ni langu.

"Kiungo kilikuwa kizuri," alisema. "Ningekuwa na aibu kama kingekuwa kibaya."

Alifariki miaka miwili baadaye. Nilikuwepo mazishini, nyuma kabisa, na pale pale makaburini nilisikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu alikuwa fundi hodari ila alipenda rushwa. Maneno hayo yameishi kuliko yeye. Hata ninyi, ambao hamkumwona, nimewasikia chumba cha chai mkisema "usije ukawa Selemani" mtu anapotoka na koneta za ziada mfukoni. Nimewasikia nikanywa chai yangu.

Sasa hakuna wa kunifukuza, na wanangu wamekua. Kwa hiyo naandika hapa niliyopaswa kuyasema ofisini. Kiungo cha Katubuka nilikifunga mimi, kwa uamuzi wangu, Mzee Selemani akiwa amenishauri nikate. Hakuna aliyetupa kitu. Mama Joselina alitaka kutufungia dagaa na Mzee akakataa. Naomba mmoja wenu achukue daftari la hitilafu la mwaka ule, liko kabati la chini, na pale nilipoandika "kimebadilishwa" aongeze jina la fundi. Aandike Domitila.